Dawa ya Dukani

Victoria alikuwa na swali moja kwa kila mwanamke aliyekaa kwenye kiti chake, na aliliuliza hata kabla hajamsalimia vizuri: "Dawa ya saluni au umekuja na yako?" Ukijibu ya saluni, feni inageuziwa upande wako, unaletewa soda baridi, unaitwa mpenzi. Ukijibu umekuja na yako, basi kaa usubiri. Watapakwa waliokuja nyuma yako, utaambiwa nywele zako zimeungua kabla hata hazijaguswa, na utaulizwa mbele za watu kama mume wako bado analala nyumbani. Mwisho utapakwa, maana hela ya ufundi nayo ni hela, lakini utapakwa na mtu aliyenuna.

Saluni yenyewe ipo Kariakoo, kwenye mtaa ambao nusu ya maduka yanauza vipodozi. Sasa hebu fikiri. Mwanamke anaingia duka la ng'ambo ya barabara, ananunua kopo lake la dawa ya kunyoosha nywele kwa bei ya jumla, anavuka, anakaa, anasema nipake. Analipa ufundi tu, na dawa ikibaki anaondoka nayo. Ndivyo wanavyofanya wengi na hakuna aliyeibiwa. Lakini Victoria jambo hilo lilimkaa kooni. Na cha kuudhi, ile dawa yake ya saluni, aliyoapa kwamba inatoka nje na dukani huipati hata kwa kupiga magoti, ilikuwa dawa ile ile ya dukani. Alinunua ndoo mtaa wa pili, ikahamishiwa kwenye vyombo vyeupe visivyo na nembo, ikauzwa mara tatu ya bei yake. Aliyekuwa akiihamisha, kwa mwiko, mlango umefungwa, ni Moza.

Moza alikuwa fundi wa pale mwaka wa sita. Mtu wa Lindi, mpole, mkono mwepesi. Alikuwa anaweza kukuchana nywele zilizosokotana wiki nzima na wewe ukasinzia. Alilipwa kwa kichwa, na siku isiyo na vichwa alirudi nyumbani na nauli tu. Lakini mwaka huo Victoria alikuwa amemwahidi kiti. Kiti, kwa asiyejua mambo ya saluni, ni kujitegemea: kioo chako, droo yako, wateja wako, unamlipa mwenye saluni kodi ya kila wiki na kinachobaki ni chako. Moza alishakichagua kabisa, kile cha dirishani. Kila asubuhi alikifuta hicho kwanza, halafu ndiyo vingine. "Mwezi ujao," Victoria alikuwa akimwambia, na miezi ikawa inakuja na kupita.

Kwa hiyo alipomwambia Evarista akanunue dawa dukani, alikuwa anacheza na kiti chake mwenyewe. Alijua. Ila Evarista hakuwa mteja wa kupita. Walipanga nyumba moja kule mtaa wa Gerezani, milango inatazamana, uani wanapikia jiko moja. Moza alipolazwa na malaria, Evarista ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kabla ya kwenda kazini kwenye duka la spea. Mtu wa namna hiyo unamuuziaje chombo kisicho na nembo mara tatu ya bei? Hata mnafiki ana mipaka yake.

Evarista alikuwa anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, ilikuwa Jumamosi, na mwanamume mwenyewe ni Goodluck, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtoto wa watu wenye nyumba ya ghorofa na dada watatu wenye ndimi ndefu. Hao dada walishamkagua Evarista tangu siku ya kwanza. Wakamkuta mfupi, wakamkuta mweusi sana, wakamkuta wa Masasi, na kila walichokikuta walikisema. Kitu kimoja tu kiliwafunga midomo: nywele. Evarista alikuwa na nywele ndefu kupita mabega, zake mwenyewe, alizozilea miaka minne akizipa mafuta, kuzifunga usiku na kuzificha jua. Na yeye naye, kwa hasira, akawatolea uvivu mbele ya watu: "Siku ya sendofu yangu nitaingia ukumbini na nywele zangu. Wigi wavae wasio nazo." Wawili kati ya wale dada walikuwa na wigi siku hiyo. Basi ikawa vita, na silaha yake yote ilikuwa kichwani.

Alhamisi asubuhi alipitia kwanza dukani kwa Shobhana, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Urvish. Mama huyo alizaliwa Kariakoo hapo hapo, na Kiswahili chake kimewashinda wengi wanaojiita wenyeji. Hakuwa na tabia ya kukuuzia tu. Alimvua Evarista khanga ya kichwani, akamshika nywele, akaivuta moja kuipima, akasema, "Hizi laini. Usichukue kali, chukua ya wastani. Maotea tu, zile zilizoota karibuni, usipake zote. Dakika kumi na tano. Ikianza kuchoma, hata kama ni dakika ya tano, osha."

Evarista akavuka barabara na kopo lake, anacheka peke yake.

"Shikamoo dada Victoria."

"Marahaba, bi harusi wetu! Karibu mpenzi, karibu. Dawa ya saluni au umekuja na yako?"

"Nimekuja na yangu. Moza ndiye aliyenishauri. Kaniambia ziko sawasawa tu, nisijitie hasara ya bure."

Jamani! Kuna watu wamezaliwa bila breki mdomoni, na ndio wazuri wa roho. Moza alikuwa kwenye sinki anaosha vitana, mikono ikamfia ndani ya maji. Alisubiri matusi. Victoria alikuwa na mdomo ambao wamachinga wa nje waliuheshimu, na mara ya mwisho fundi mmoja alipomchukiza alimtupia vitu vyake barabarani mpaka sidiria. Lakini siku hiyo hakukodoa hata jicho. Alimtazama Moza kupitia kwenye kioo, akatabasamu.

"Basi vizuri," akasema. "Moza, si umemshauri wewe? Mpake wewe. Mpake kichwa kizima."

"Maotea tu, bosi. Hizi ndefu zina dawa tayari."

"Kichwa kizima. Bi harusi anataka zilale, au vipi mpenzi?"

"Nyie ndio mafundi," alisema Evarista, akakaa.

Moza angesema kitu hapo. Hakusema. Alimpaka mafuta ya mgando kwenye masikio na kipajini, akazigawa nywele mafungu manne, akaanza kupaka kwa brashi kutokea kisogoni, na kila alipofika kwenye urefu alipitisha dawa juu juu kadiri alivyoweza bila bosi kumwona. Evarista alikuwa anaongea tu: gauni limefika, mama ameshapanda basi Masasi, MC anataka kujua wimbo wa kuingilia. Kwenye kiti cha pili alikaa Sitara, mama muuza madera wa mtaa wa nyuma, kichwa ndani ya draya, anasoma simu yake. Dakika kumi na tano zilipotimia Moza akampeleka Evarista kwenye sinki, akamlaza shingo, akafungua bomba.

Bomba likakohoa, likatoa matone mawili, likanyamaza.

"Maji yamekatika," alisema Victoria kutoka mlango wa nyuma, kwa utulivu kabisa.

Sasa, maji kukatika mjini si habari. Lakini saa mbili asubuhi hiyo hiyo lilikuja boza la maji, na aliyepanda juu ya bati kushika mpira mpaka tangi likafurika ni Moza mwenyewe. Nguo zake zilikuwa bado na unyevu. Alimwambia Evarista, "Nakuja, usishike macho," akatoka mlango wa nyuma mbio.

Kwenye uchochoro, pale bomba la tangi linaposhuka ukutani, Victoria alikuwa ameegemea. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika simu. Mwingine ulikuwa juu ya koki.

"Bosi, tangi limejaa."

"Najua limejaa. Si nimelilipia?"

"Dawa imeshatimia. Itamuunguza."

"Si ya dukani? Si ziko sawasawa tu?" Victoria hakupandisha sauti. "Miezi mingapi unawafundisha wateja wangu kuvuka barabara, Moza? Ulidhani mimi ni mjinga? Nilikuwa nahesabu vichwa, nahesabu vyombo, havilingani. Leo nimepata jibu, tena kutoka kwa mtu asiyejua kusema uongo."

"Nifukuze mimi. Yeye hana kosa. Ana sendofu Jumamosi."

"Na wewe una kiti Jumatatu. Au huna?" Alimwonyesha ndoo kwa kidevu. "Chukua ndoo. Toka mlango wa mbele wakuone, sema unakwenda kutafuta maji. Nikitazama nje, ndiyo urudi. Ukirudi kabla, pitiliza mpaka kwenu Lindi, na fundi mwenye sifa ya kuniibia wateja hatapata saluni hapa mjini, nakuapia."

Mtu mwenye roho angefanya nini? Msijibu haraka, kila mtu ana jibu zuri akiwa amekaa na chai yake. Moza alikuwa na miaka thelathini na minne, chumba cha kupanga na miaka sita ya kusugua vichwa vya watu. Lakini pia koki ilikuwa mbele yake, kipande cha chuma cha rangi nyekundu ambacho hata mtoto angekizungusha. Angeweza kumsukuma Victoria. Angeweza kupiga kelele. Alichukua ndoo.

"Nakwenda kutafuta maji!" akasema kwa sauti alipopita ndani, bila kumtazama Evarista.

"Wahi shosti, imeanza kuchoma," Evarista akajibu kutoka kwenye sinki.

Moza akatoka. Ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa Mama Urvish, kulikuwa na madumu mawili ya maji ya kupigia deki, yamejaa mpaka shingoni. Aliyaona. Mama Urvish mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, angeuliza tu, angepewa yote mawili na mtu wa kumbebea. Moza akapinda kushoto, akasimama nyuma ya marobota ya mitumba, mahali ambapo kioo cha saluni kinaonekana na yeye haonekani, akaweka ndoo chini. Mchukuzi mmoja akamwambia, "Sista, sogea, unaziba njia." Akasogea.

Alitazama saa kwenye simu. Dakika ya ishirini na moja. Kupitia kioo alimwona Victoria ametoka nyuma, amevuta stuli karibu na Evarista, amemshika mkono. Ndiyo, alimshika mkono. Kwa mkono mwingine alichukua gazeti akawa anampepea kichwani, taratibu, kama mtu anayempepea mtoto mwenye homa. Evarista alikuwa anatikisa miguu. Dakika ya ishirini na sita, Evarista akainuka, akataka kujifuta kwa taulo. Victoria akamrudisha kwa upole, na Moza alimsoma mdomo, maneno aliyafahamu maana ndiyo yanayosemwa siku zote: usiguse, itaingia machoni, vumilia uzuri, maji yanakuja. Dakika ya thelathini. Sitara alitoa kichwa kwenye draya, akaonyesha chupa yake ndogo ya maji ya kunywa. Victoria akatikisa kichwa: itatosha nini hiyo? Sitara akarudi ndani ya draya.

Dakika ya thelathini na nne Evarista alipiga kelele. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya vumbi, na mtaa wa Kariakoo saa nne asubuhi unamsikia nani? Spika za matangazo zilikuwa zinaita watu waje wachukue vyombo kwa bei ya kutupa. Lakini Moza alisikia. Evarista aliita "Moza!", mara mbili. Moza akalia, na miguu yake haikutoka pale ilipo. Hilo ndilo la kusema bila kupamba: haikutoka. Alikuwa anamwona Evarista kinywa kimeachama, na anakiona kiti cha dirishani, vyote kwenye kioo kimoja, na miguu ikakaa.

Dakika ya arobaini na moja, Victoria aligeuza uso, akatazama nje.

Moza akazunguka kwa uchochoroni mbio, akafungua koki, akajaza ndoo kwenye bomba la nje, akarudi mpaka mbele, akaingia anamwaga maji njiani, anahema: "Nimepata! Nimepata!" Na Evarista, macho yamevimba kwa machozi, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, Moza. Niokoe."

Moza akammwagia. Maji yalishuka na dawa, na dawa ikashuka na nywele. Hazikukatika; ziliteleza, fungu zima zima, zikajaa kwenye tundu la sinki mpaka maji yakasimama. Aliziokota kwa mikono na kuziweka pembeni, halafu zikaja nyingine. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, na nyuma ya sikio la kushoto ilikuwa imeshafunguka. Evarista alikuwa amefumba macho. Baridi ya maji ilimpa nafuu, akashusha pumzi.

"Moza," akasema. "Mbona kichwa chepesi?"

Moza akaendelea kumwagia maji.

"Moza, mbona kichwa changu chepesi hivi?"

Victoria ndiye aliyempa kioo. Alimpa tena kile kidogo cha mkononi, akamshikia. Halafu kabla mtoto wa watu hajapata hata pumzi ya kulia, akamfunga khanga begani, akamshika mkono, akafungua mlango.

"Jamani njooni muone! Njooni muone dawa ya dukani ilivyomfanya bi harusi wa watu!"

Kariakoo haihitaji kuitwa mara mbili. Kufika ng'ambo ya barabara walikuwa wameshakuwa watu thelathini, simu juu. Evarista alikuwa anatembea kama anayesukumwa, maji yanamtiririka mgongoni, anajaribu kujifunika na Victoria anamfunua. Mama Urvish alitoka nyuma ya kaunta, miwani inaning'inia kifuani. Hakumtazama Victoria. Alimwinamisha Evarista, akatazama kichwa.

"Pole mwanangu. Pole sana. Urvish, lete jani la shubiri kule juu, haraka." Kisha akauliza, "Dakika ngapi?"

"Muulizeni fundi!" Victoria akasema. "Mimi sikugusa hata kitana. Fundi anayemwamini mwenyewe, jirani yake, ndiye aliyempaka. Moza! Njoo hapa useme."

Wakampisha. Moza akajikuta katikati, aproni imeloa, vidole vina nywele. Victoria alikuwa mbele yake, ametulia, amekunja mikono.

"Moza, mwanangu," Mama Urvish akasema, "dawa ilikaa dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Nakuuliza tena. Unanijua mimi, nami nakujua. Dakika ngapi?"

"Kumi na tano, mama. Maji yalikatika kidogo, nikakimbia nikayaleta. Ishirini hazikufika."

"Zilikuwa nyingi," Evarista akasema, sauti haisikiki vizuri. "Niliona zilikuwa nyingi sana."

"Mpenzi wangu, maumivu yanaongeza muda," Victoria akamwambia, akimfuta shavu. "Sitara si alikuwepo?"

Sitara alikuwa amesimama na rola kichwani. Alimtazama Victoria, akatazama chini. "Mimi nilikuwa kwenye draya. Sikusikia kitu."

"Dawa hii haiwezi kufanya hivi kwa dakika ishirini," Mama Urvish akasema. Hakuwa anawaambia watu, alikuwa anamwambia Moza peke yake. "Wewe fundi. Unajua haiwezi."

"Najua nilichokiona," Moza akasema.

Ikawa zomeazomea. Mtu akarusha chupa ya maji ikagonga rafu, makopo yakaanguka. Mwingine akasema wanatuuzia sumu, mwingine akasema warudi kwao, na mama wa watu amezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo! Urvish alirudi na jani la shubiri mkononi akakuta duka limejaa watu wanaopiga picha makopo, ikabidi amwingize mama yake ndani na kushusha geti. Mchana video ilikuwa imeshafika kila simu. Jioni, wanawake sita walikaa kwenye viti vya Victoria, na alipouliza swali lake, wote sita walijibu ya saluni.

Walipoondoka, Victoria akampigia Moza kofi dogo begani, la kirafiki, akavuta kile kiti cha dirishani. "Kaa. Cha kwako. Tena Jumatatu mbali." Moza akakaa. Alifurahi. Mtu mwingine angeficha, lakini alifurahi, moyo wake ulicheza kama mtoto aliyevalishwa viatu vya Idi.

Ijumaa asubuhi Evarista alimgongea mlango. Hakutaka mtu mwingine aone. Moza akamkalisha uani kwenye kigoda, akamnyoa yale mabaki kwa wembe mpya, akizunguka vidonda. Alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye kichwa cha mwenzake, na chumvi ile ikawa inamuuma.

"Usilie bwana," Evarista akamwambia. "Umefanya kosa gani? Umenipaka kwa mkono mzuri, maji yakakatika ukanikimbilia. Ningekuwa na fundi mwingine pengine ningepofuka. Goodluck nimeshamwambia. Kasema nywele zitaota." Akapangusa nywele begani. "Dada zake wamecheka mpaka wamepaliwa, lakini."

Moza angesema hapo pia. Walikuwa wawili tu, na kuku wa mwenye nyumba. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Geuza shingo kidogo."

Jumamosi, ukumbi wa Ilala. Wigi halikuwezekana, vidonda vilikataa, kwa hiyo Moza alimfunga kilemba cha kitambaa cha gauni, akakipanga vizuri kikawa kikubwa na kizuri. Evarista aliingia kwa ule wimbo alioutaka, akicheza, anacheka kwa meno. Dada mkubwa wa Goodluck alikuwa meza ya mbele. Alisubiri muziki upungue, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Nywele zimebaki wapi, wifi? Zimekwama kwenye foleni?" Meza nzima ikaangua kicheko, meza ya jirani ikapokea. Evarista akaendelea kucheza. Aliendelea mpaka mwisho wa wimbo, na mikono yake ikawa haijui tena pa kukaa.

Victoria alikuwepo, amealikwa kwa heshima, amevaa dhahabu. Alitoa zawadi ya wigi kwenye boksi lenye utepe.

Wakati wa kutambulisha watu, mama yake Evarista alichukua kipaza sauti. Watu wa Masasi wanamwita Mama Anselmi kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni mwanamke mwembamba wa shamba la korosho, mguu wake ulikuwa bado umevimba kwa safari. Hakuzoea kipaza sauti, alikishika mbali na mdomo.

"Mwanangu alipatwa na balaa," akasema. "Nataka nimwone yule binti aliyemkimbilia. Yuko wapi? Moza yuko wapi?"

MC akamtafuta, muziki ukapigwa, watu wakapiga makofi ya kumsindikiza. Moza alicheza mpaka mbele, kwa sababu ukiitwa mbele kwenye sendofu hutembei, unacheza. Mama Anselmi akamfunga kitenge kipya kiunoni, akamkumbatia akamnong'oneza dua sikioni, dua ndefu ya watoto na riziki. Na aliyepiga vigelegele vya kwanza, virefu, mpaka watu wakageuka, ni Victoria.

Baadaye, sahani zinakusanywa, mama akaja mpaka mezani kwa Moza. Akakaa, akatazama huku na huku, akafungua kitambaa chake kichwani kidogo, pembeni tu. Nywele zake zilikuwa za kijivu, nyingi, zimesukwa mistari ya nyumbani. Hazijaguswa na dawa tangu azaliwe.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi ijayo ni kanisani. Hawa watu wameshamcheka binti yangu, sitaki wamcheke tena kwa sababu yangu, kwamba mama yake mshamba. Nataka na mimi zilale kama za wenzangu. Ya dukani siitaki hata kuiona. Nataka hiyo yenu ya saluni, na nataka mkono wako wewe, si wa mwingine. Utanipaka?"

Meza ya pili, Victoria aliacha kutafuna.

Moza alimtazama mama. Hapo ndipo alipokuwa tayari kusema, kweli kabisa, maneno yalikuwa yameshapanda mpaka kwenye ulimi: mama, usije. Mama, dawa ni moja. Mama, nilikuwa nimesimama nyuma ya marobota.

"Nitakupaka, mama," akasema. "Karibu sana."

"Haichomi lakini?" Mama Anselmi akauliza, akijishika kichwa kwa vidole viwili, kwa woga. "Mimi muoga, mwanangu. Niambie kweli."

"Haichomi, mama," Moza akasema. "Haichomi kabisa."